Mwalimu Muli na Goti la Mbuzi

...ameruka, jamani! Nzisa ameruka! Jana jioni, uwanja wa Masii, ameruka mbele ya neti na ametua na miguu mbili!

Ngoja nipumue. Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Najua hiki ni kipindi cha kumbukumbu na watu huongea polepole. Mnisamehe. Leo tunamkumbuka Mwalimu Muli Kitonga, kochi wa voliboli ya wasichana pale Masii. Ametuacha Jumanne ya wiki iliyopita. Moyo tu ulisimama. Alikuwa na miaka sitini na moja. Mwalimu Muli. Na huwezi kumjua kama hujui habari ya goti la mbuzi.

Iko hivi. Kila Ijumaa alikuwa anaingia kwa bucha ya Yahya, hapa Machakos mjini. Hataki nyama.

"Huyo mzee alinisumbua miaka ishirini," Yahya ameniambia. "Anasema, nikatie goti nzima, Yahya, usipige shoka katikati. Namwambia, Mwalimu, watu wananunua paja, wewe unanunua bawaba! Ananijibu, na wewe unauzia watu magogo."

Yahya akacheka, halafu akapangusa macho. Ijumaa iliyopita alikata goti nzima, akaliweka kando. Ndiyo akakumbuka Mwalimu hayuko tena.

Goti la kila Ijumaa lilikuwa linaenda uwanjani. Wasichana wanapiga mayowe, uuui! Mwalimu anakunja, ananyoosha. Mnaona? Goti linaenda mbele na nyuma, kama mlango. Haliendi kando. Ukililazimisha, zile kamba za ndani zinazoshika mfupa na mfupa zinakatika. Halafu anatoa nyonga ya mbuzi, nayo ya kwa Yahya. Kichwa cha mfupa, mviringo, kimekaa ndani ya kikombe. Hii inazunguka. Ukitaka kugeuka, geuka na nyonga, wachana na goti. Bega nalo linazunguka, ndiyo maana mkono unaenda nyuma ya kichwa ukarudi na mpira. Na ule utelezi mweupe kwa ncha za mifupa, gegedu, kila msichana lazima aguse na kidole.

"Hiyo ndiyo inazuia mifupa isisagane," alikuwa anasema. "Na hakuna duka inauza."

Sasa Nzisa. Nzisa wa Mutinda, miaka kumi na tisa, mshambuliaji wa timu. Mwaka jana mwezi wa sita aliruka, akatua na mguu mmoja umenyooka kama nguzo. Goti likaenda kando. Alisikia, tap! Na siku hiyo Mwalimu Muli alikuwa Konza kwa matanga ya ndugu yake. Nzisa akabebwa hadi nyumbani. Na nyumbani, susu yake, yaani nyanya, akafanya kile nyumba nyingi huku zinafanya. Akapasha maji ya chumvi, akapaka mafuta, akakanda. Siku tatu, anakanda, anavuta. Goti likafura kama papai.

"Mtoto analia," susu Kamanthe ameniambia, "na mimi nafikiria ni ule uchungu unatoka."

Mwalimu Muli aliporudi hakumgombeza susu. Alikaa chini na yeye, akatoa goti la mbuzi, akakata kamba moja ya ndani na kisu. Akampa ashike. Mifupa ikacheza huku na huku mkononi mwa susu. Halafu susu akaenda mwenyewe kutafuta gari ya hospitali.

Nzisa akapasuliwa. Miezi kumi, kila asubuhi, Mwalimu alikuwa anafika kwao kabla ya chai. Kunja kidogo. Nyoosha kidogo. Daktari akasema, sasa unaweza kuruka. Nzisa akakataa. Kutembea, sawa. Kukimbia, sawa. Kuruka, zii.

"Nitaruka Mwalimu akiwa kwa benchi," alisema. "Lazima aniambie kama nimetua vizuri."

Wakapanga siku. Alhamisi. Na Mwalimu akatuacha Jumanne.

Tumemzika Jumamosi. Jana mjane wake, Mama Kalunde, akaleta mipira ya timu iliyokuwa imebaki kwa nyumba. Akakaa kwa benchi na lile gunia. Nzisa akamwona. Hakuna mtu alimwambia kitu. Akakimbia, akaruka, akapiga. Akatua, vifundo vya miguu vimekunjika, magoti yamekunjika, nyonga imekunjika, uzito umegawanyika. Halafu akageuka kuangalia benchi.

"Usiniangalie hivyo, mwanangu," Mama Kalunde akasema. "Mimi miaka yote nilikuwa najua tu mifupa kunuka jikoni. Hiyo imekuwa nzuri ama imekuwa mbaya?"

Nzisa akasimama. Akashika goti. Akalikunja, akalinyoosha.

"Imekuwa nzuri, mama."

"Haya. Ruka tena nione vile nzuri inakaa."

Mama Kalunde, pole sana. Poleni watoto, poleni wasichana wa Masii. Sisi hapa redioni tunalia na nyinyi. Na wewe unayesikiza, leo ukiinuka kwa kiti, fikiria ni nani alikufundisha kutumia huo mwili. Kama yuko hai, mpigie simu. Nzisa angetoa chochote apate hiyo simu.

Kesho saa nne asubuhi Masii wanacheza na Kyumbi, na jina la Nzisa liko kwa wale sita wa kwanza. Nitakuwa kando ya laini. Jioni nitawaambia ametua aje.