Calist Mathayo Gunda, Fundi wa Mentenansi (1951–2025)

Calist Mathayo Gunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Ulemo, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mathayo Gunda na mama Damari. Alianza shule hapo kijijini mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Kiingereza alikipata kwa sikio, neno moja moja, na alilolipata hakulipoteza.

Neno lililomjenga alilipata Juni 1983, mjini Singida, katika kozi ya majuma mawili ya mafundi wa pampu za visima. Mkufunzi alilitamka kila siku, ila hakuliandika ubaoni hata mara moja: mentenansi. Marehemu alirudi nalo Ulemo na kulieleza kwa yeyote aliyesimama kumsikiliza. Mentenansi ni kukihudumia kitu kikiwa kizima, siku zote za uhai wake, bila kikomo. Matengenezo ni jambo jingine kabisa: kitu kimekufa, unakifufua, unakusanya spana zako unaondoka. Serikali ya kijiji ilipoandika katika taarifa kwamba fundi amefanya matengenezo ya pampu, alikataa kutia saini.

"Matengenezo ni ya kitu kilichokufa," alisema. "Mimi nimeua nini?"

Kwa miaka thelathini na mitatu, hadi alipostaafu mwaka 2016, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliifungua pampu iliyokuwa ikitoa maji vizuri, foleni ya ndoo ikimsubiri. Jirani yake Yustina aliwahi kumshambulia mbele za watu.

"Fundi, maji yanatoka, unachokonoa nini tena?"

"Kwani wewe, mama, huwa unaoga mpaka uanze kunuka?"

Foleni nzima ilicheka. Yustina alimnunia majuma mawili, lakini pampu haikukauka.

Tarehe 25 Novemba 1978 alifunga ndoa na Luciana wa Iguguno, wakajaliwa watoto wanne. Wa pili, Eliana, alihitimu chuo kikuu mwaka 2004. Marehemu aliifunga shahada ile ndani ya nailoni, akaizungusha kijiji kizima kwa baiskeli, hata kwa wasiojua kusoma. Tangu siku hiyo, karatasi yoyote ya Kiingereza iliyoingia nyumbani ilisubiri Eliana aifafanue.

Agosti 2024 marehemu alilazwa mjini Singida kwa shinikizo la damu, akaruhusiwa akiwa na nafuu, vidonge na karatasi moja. Jumatatu ya tarehe 19 alimpigia Eliana simu Dodoma.

"Kuna neno refu hapa, mwanangu. Em, a, i, en, ti... mbele yake wameandika dozi."

"Hiyo ni dozi ya matengenezo, Baba."

"Matengenezo? Kwa hiyo nikishatengemaa, basi?"

"Ndiyo, Baba, ndiyo. Ngoja, naitwa kikaoni."

Eliana amejiuliza mara nyingi kama hakulisikia swali lile, au alilisikia akaona halina uzito. Hawezi kuapa kwa lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba tofauti ya maneno hayo mawili aliisikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na kwamba mchota maji yeyote wa Ulemo, asiye na shahada, angelijibu swali lile vizuri kuliko yeye.

Marehemu alimaliza vidonge, akajiona mzima, akaacha. "Nimeshatengenezwa," aliwaambia watu, akicheka. Tarehe 29 Mei 2025 alipigwa na kiharusi akiwa shambani, kwenye alizeti.

Jumapili ya tarehe 8 Juni, Eliana akiwa kando ya kitanda hospitalini, muuguzi alifungua faili, akauliza, "Nani alimwambia mzee aache dawa? Hizi zilikuwa za mentenansi."

Upande wa kushoto wa uso wa marehemu ulikuwa umekufa ganzi, lakini masikio yalikuwa mazima. Alimgeukia binti yake. Ilimchukua muda kuziunganisha silabi.

"Men... te... nansi?" Akapumzika. "Hilo... nalijua."

Alifariki Jumanne ya tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Mdogo wake, Hosea, aliomba wasifu huu useme tu kwamba aliugua kwa muda mfupi. "Msiba una wageni," alisema. "Ya ndani tuyaache ndani." Eliana alikuwa tayari kukubali, na kalamu alikuwa ameshaishika. Mama Luciana ndiye aliyekataa, bila kupandisha sauti.

"Andika yote. Na usome mwenyewe, mbele ya jeneza. Siku ile ulimjibu baba yako mbio mbio. Leo huna kikao."

Marehemu ameacha mjane, Luciana; mdogo wake, Hosea; wajukuu tisa; na watoto wanne: Gervas, Innocent, Jenipher, na Eliana, ambaye kwa kuzaliwa ni wa pili, ila mama yake ameagiza atajwe wa mwisho, naye hakupinga.

Mungu ampumzishe fundi Calist mahali ambapo hatahitaji kutafsiriwa neno lolote.