Lori Ambalo Toussaint Kashindi Hakulikubali

Mimi Marie-Rose, dada yake mdogo, ndiye niliyepewa kusoma wasifu wake hapa kaburini. Bado sijalia. Mnivumilie nikisoma kama mtu anayesoma tangazo.

Marehemu Toussaint Kashindi alizaliwa Makobola tarehe 1 Novemba 1974, Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo kwa Kifaransa ni Toussaint, na jina likatoka hapo. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari Uvira mwaka 1995. Alikuwa mwanafunzi wa katikati, tusimpambe leo.

Alianza kazi kwa kuendesha magari ya watu kwenye njia ya Fizi. Mwaka 2001 alimwoa Naomie, wakaweka akiba pamoja hadi Machi 2022, waliponunua lori jipya kabisa. Siku hiyo Toussaint alikataa kushuka. Naomie alimpitishia ugali na ndagala wa ziwani dirishani, naye akala huku mkono mmoja umeshika usukani.

Wiki iliyofuata breki zilikataa kwenye mteremko. Zikatengenezwa, zikakataa tena. Muuzaji ni muumini mwenzetu. Aliomba subira, na Toussaint kwa heshima akangoja karibu mwaka. Ndipo akaenda kwa wakili. Sheria inampa aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichika njia mbili: akirudishe apewe bei yote, au abaki nacho arudishiwe sehemu. Toussaint alichagua kurudisha. Wakili akamwonya asiliendeshe tena, wasije wakasema amelikubali. Wengi walimshauri alipakie mizigo na abiria tu, maisha yaendelee. Aliwajibu juu ya breki hizo, "Minye siwezi kubeba watu mu kamyo yenye haishikake mafreni."

Mahakamani, upande wa muuzaji ulidai kwamba amechelewa kushtaki. Ile heshima yake ndiyo waliyoigeuza kosa. Hilo linaniuma kuliko lori lenyewe.

Figo zilianza kumsumbua mwishoni mwa 2023. Alifariki nyumbani kwake Kavimvira tarehe 14 Agosti 2024, hukumu haijatoka.

Juzi muuzaji alikuja matangani, akatupa pole, akajitolea kutoa gari la kubeba jeneza. Naomie alimjibu, "Papa, aksanti. Toussaint tutamubeba na mikono. Mukuje tu mukamate kamyo yenu." Ndiyo maana leo tumetembea, na wazee mtusamehe kwa jua hili.

Anaacha mjane, Naomie, atakayesimama mahali pake mahakamani, watoto watatu, na sisi ndugu zake. Papa aliyetuuzia lori yuko hapa kati yetu, na tunamshukuru kwa kuja. Akimaliza kutupa udongo, funguo za lori lake anazo Naomie.

Kaka Toussaint, upumzike kwa amani.