Zefania Mughwai na Chai ya Machozi

Tarehe 30 Juni 1959 Bwana Zefania Mughwai wa Unyambwa anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili kwenye gari la sinema la kampuni yetu ya chai.

Alianza kama mpakiaji wa makasha. Msemaji wa sinema alipougua huko Manyoni, Zefania alishika kipaza sauti, na kukirudisha ikawa kazi. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Yeye alizisimulia kwa Kiswahili, Kinyaturu, na Kinyiramba cha kubahatisha. Mzungu aliyeteleza kwenye ndoo, kwa Zefania alikuwa mkwe aliyekuja kuomba apunguziwe mahari. Watu walishika mbavu, na aliyecheka alinunua chai. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara, wala hatukuificha.

Mwaka 1950 ililetwa filamu ya mama aliyefiwa na mtoto. Zefania aliisimulia Kinampanda kwa sauti ya chini, uwanja mzima ukalia. Asubuhi tukakuta akina mama wameketi chini kando ya gari, wamebeba unga wa uwele na kuni za msiba. Bi Rahabu, aliyewaongoza, akauliza, "Baba, mfiwa tumkute wapi? Tumekuja kumpa pole."

Kabla Zefania hajajibu, meneja aliamuru makasha yafunguliwe, kwa kuwa msibani hunywewa chai. Iliuzwa ikaisha yote. Akaagiza filamu hiyo ioneshwe kila kijiji: kilio kwanza, chai baadaye.

Zefania alikasirika, ila hasira yake haina kelele. Tulipofika Mkiwa, kabla picha haijaanza, alitangaza kwamba mtoto yule ni mzima, amelipwa ili aigize kufa, na mama naye amelipwa ili alie. Watu walitazama kwa utulivu, wakaenda zao bila kununua chai. Meneja alimnyang'anya kipaza sauti, akampeleka kuhudumia jenereta ya gari.

Likizo iliyofuata alikwenda Kinampanda kumweleza Bi Rahabu ukweli. Alijibiwa nini, hajatuambia hadi leo.

Mwenzetu huyu angeweza kuacha ugali, si kipaza sauti. Hata hivyo, kila alipoambiwa atarudishiwa akikubali kuwaliza watu, alikataa. Mkataa pema pabaya panamwita, tulimtania. Yeye akajipaka grisi, akaendelea na jenereta yake. Iliumiza kumwona.

Mzee Zefania, kampuni inakushukuru, na sisi wenzako tunakushukuru zaidi. Urudi Unyambwa salama, mvua ikunyeshee shamba, wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Kipaza sauti tumekiweka mbele yako. Sema utakalo, leo hakuna kinachouzwa.