Mia Tatu Kumi na Moja: Maisha ya Mwalimu Kokotoa

Ndugu zetu mliofika, viongozi wa dini, walimu, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti havikutosha, mimi ni dada wa marehemu, ndiye niliyemfuata kuzaliwa, fundi cherehani wa pale mkabala na posta, na wengi wenu hapa mmevaa nguo nilizowapunguzia kiuno au kuwaongezea, sitasema nani. Kamati imeniandalia karatasi moja ya maisha ya kaka yangu, imenipa dakika kumi, na imeniomba nisitoke nje ya karatasi, naishukuru sana, lakini marehemu alikuwa mtu wa kukagua kazi za watu, karatasi hii angeirudisha ikiwa na kalamu nyekundu, kwa hiyo palipo na kosa nitasahihisha, na kamati itanisamehe au itaninunia.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1961, saa nne asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ambako mama yetu alikuwa mpishi, akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Baba yetu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, mtu aliyezoea kusoma maneno kinyumenyume kabla mwingine yeyote hajayasoma, na alikuwa akituambia mezani kwamba herufi moja ikikaa vibaya uongo umeshapigwa chapa nakala elfu, na hakuna kifutio cha kuwafuata wote walioununua. Sisi wengine tulicheka tukaendelea kula, kaka peke yake ndiye aliyeacha kijiko akamsikiliza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, na chuo cha ualimu ambako alihitimu tarehe 27 Novemba 1981. Tangu akiwa mdogo aliipenda hesabu kupita kiasi, kila jioni alitusimamisha mlangoni ndugu zake akatuhesabu mara tatu kabla ya kuturuhusu kuingia, tukimlalamikia kwamba tuko watano tu na wala hatujawahi kuzidi, alijibu kwamba ukihesabu mara moja umeotea, mara mbili umejaribu, mara ya tatu ndipo umejua.

Aliajiriwa tarehe 11 Januari 1982 katika shule ya msingi ya mtaa wetu, akafundisha hesabu darasa la tano katika chumba kilekile, chenye dirisha moja lisilofunga, kwa miaka thelathini na tisa na miezi saba, mpaka alipostaafu tarehe 17 Agosti 2021. Jina la Kokotoa alipewa na wanafunzi, kwa kuwa kila swali aliloandika ubaoni lilianza na neno hilo, na mwanzoni walimwita kwa kujificha, baadaye hata mwalimu mkuu akajisahau akamwita hivyo kwenye kikao cha wazazi. Saba mara nane aliwaimbisha mpaka watu wakubwa waliopita barabarani wakaitikia hamsini na sita bila kujua kwa nini.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, wakati huo akiwa karani wa posta. Nisiwafiche, kaka alikuwa akienda kununua stempu moja moja kila siku kwa muda wa miezi minane, hana ndugu wa mbali, hana wa kumwandikia, mpaka wifi akamuuliza kama anazila, na uchumba ukaanzia hapo. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1989, ambaye ni nesi, na kitinda mimba wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1993, ambaye ni fundi umeme, na ameacha wajukuu watatu.

Sasa nafika kwenye aya ya tano, ambamo kamati imeandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Hapo ndipo kalamu nyekundu. Kaka yangu aliugua kuanzia Jumanne tarehe 22 Februari 2022, saa tano asubuhi, mpaka Jumapili iliyopita tarehe 9 Juni 2024, ambazo ni siku mia nane thelathini na nane, nimezihesabu mara tatu, na hakuugua, alipigwa.

Jumapili tarehe 20 Februari 2022 ilikuwa siku ya uchaguzi, na marehemu aliteuliwa kuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura, katika chumba chake kile cha darasa la tano. Walioandikishwa walikuwa mia saba na wawili, waliofika walikuwa mia tano sitini na sita. Kura zilihesabiwa mbele ya mawakala wa vyama vyote viwili, mara tatu, wakala mmoja akilalamika kwamba njaa inamuuma, na matokeo yakawa mia tatu kumi na moja kwa mgombea mmoja, mia mbili arobaini na sita kwa mwingine, na tisa zilizoharibika. Mawakala walitia saini, kaka akatia yake, akaibandika fomu ya matokeo mlangoni kama sheria inavyotaka, akarudi nyumbani akala akalala, kwa kuwa kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

Jumanne asubuhi, saa mbili na dakika kumi, mteja wangu mmoja, kijana ambaye kaka alimfundisha kutoa na kujumlisha, alinitumia picha kwenye simu, picha ya fomu ya kaka, sahihi ya kaka, mwandiko wa kaka, ila ile tatu ya mwanzo imefanywa nane, inasomeka mia nane kumi na moja, na chini yake pameandikwa Kokotoa amepika kura. Mia nane kumi na moja katika kituo chenye watu mia saba na wawili. Mtoto wa darasa la tatu angeona. Mimi sikuona. Nilishika kichwa, na badala ya kumpigia ndugu yangu, ambaye anakaa hatua mia mbili kutoka cherehani yangu, niliirusha ile picha kwa mafundi wenzangu kumi na wanne, juu yake nikaandika maneno haya, makubwa haya jamani, hata kaka yangu.

Nilikuwa nashangaa, ndugu zangu, kama anavyoshangaa mtu yeyote, lakini maneno yangu yalitembea pamoja na ile picha. Saa tatu na nusu yalikuwa sokoni, saa nne yalisomwa kwenye kipaza sauti juu ya gari, kwamba tumeibiwa, na kwamba hata dada yake wa tumbo moja amekiri. Saa tano kaka alikuwa shuleni, amekwenda kurudisha ufunguo na kupanga madawati yakae kama alivyoyakuta, hakutaka mwalimu wa zamu apate shida. Walimkuta ameinama. Walimpiga kwa mguu wa dawati, wakachana fomu mlangoni, na ghala lililohifadhi masanduku ya kura liliungua mchana huohuo.

Alilazwa siku sitini na moja. Jicho la kushoto halikurudi, mkono wa kulia haukushika tena chaki, na kichwani hesabu zilianza kumtoka moja moja, akasahau umri wa wajukuu, akasahau mwaka aliozaliwa, akasahau jedwali la saba, akakaa akilia kama mtu aliyeibiwa. Namba alizobaki nazo zilikuwa mia tatu kumi na moja, mia mbili arobaini na sita, na tisa, kwa sababu kila asubuhi kabla ya chai alimshika wifi mkono akazirudia, akaogopa akizisahau na hizo hakuna mtu atakayezijua, maana mawakala wote wawili walisema mbele ya polisi kwamba nakala zao zimepotea, na mmoja wao yupo hapa leo, namwona, karibu sana.

Kesi ilifunguliwa tarehe 11 Aprili 2022, dhidi ya vijana watatu. Aliyeshika kipaza sauti hakushtakiwa, aliyelileta gari hakushtakiwa, na wagombea wenyewe walipatana mwaka uliofuata, mkawaona kwenye televisheni wameshikana mikono, wote wawili wana ofisi. Kesi imeitwa mara kumi na tisa, ikaahirishwa mara kumi na sita, mara hakimu anaumwa, mara wakili wa utetezi ana msiba, mara faili halionekani, na mara zote kumi na tisa kaka alifika saa mbili asubuhi na fimbo yake na koti lile la kijivu nililomshonea alipostaafu, akakaa kwenye benchi la koridoni, akanong'ona namba zake.

Yule kijana aliyenitumia picha ndiye mshtakiwa wa kwanza. Mwendesha mashtaka aliniita na kuniambia kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeweza kusema picha ilikuwa mkononi mwa nani kabla haijafika kwa mtu mwingine, na kueleza kwamba maneno yangu hayakuwa ushahidi wa wizi wowote, kwa sababu utetezi wao wote ulikaa hapo, kwamba walighadhibika kwa haki, kwani hata dada yake alisema. Nilikubali kwenda. Wiki hiyohiyo walikuja wanaume wawili dukani, mmoja akaniomba nimshonee kifungo cha shati, nikamshonea, akalivaa palepale, akanishukuru, akasema, mama fundi, vitambaa hivi vinashika moto upesi, angalia. Wakatoka. Nikaichukua simu nikafuta ile picha, nikafuta ujumbe, nikafuta jina la yule kijana.

Niliitwa mahakamani mara tatu. Mara ya kwanza nilisema nina homa, mara ya pili nilisema mgongo, mara ya tatu sikusema kitu. Kaka alijua. Kila alipotoka huko alipita dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema tu kwamba safari ijayo labda nitakuwa nimepona, hakuwahi kunigombeza, na ningeshukuru angenigombeza.

Alhamisi tarehe 23 Mei 2024 ndiyo mara ya mwisho. Wakili wa utetezi alianza kumhoji, akamwambia mwalimu wewe ni mtaalamu wa hesabu, hebu tuambie saba mara nane ni ngapi, na kaka yangu akanyamaza. Binti yake ananiambia watu walianza kucheka, hata askari alicheka, naye akageuza shingo akaangalia mlango, akaendelea kuangalia mlango, mpaka hakimu akasema mahojiano yaendelee tarehe nyingine. Muda huo mimi nilikuwa napiga pindo suruali ya mtu.

Alianguka kifafa tarehe 6 Juni, akapelekwa hospitali, akafariki dunia Jumapili saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa pembeni. Daktari ameandika kwenye cheti kwamba kifo kimetokana na jeraha la kichwa la zamani, nami nasoma kama alivyoandika. Jumatatu nilikwenda kwa mwendesha mashtaka, kwa miguu yangu mwenyewe, nikamwambia sasa nitasema yote. Alinipa kiti. Akanieleza kwa upole kwamba shahidi mkuu hakumaliza kuhojiwa, kwamba simu yangu haina kitu, kwamba neno la dada linalokuja baada ya kifo litavunjwa kwa maswali mawili, na kwamba kesi inatajwa Jumanne ijayo, tarehe 18 Juni, huenda ili ifungwe. Nilimuuliza kama kuna fomu ya kujaza. Alisema hakuna.

Kwa hiyo ninyi ndio mlionibakia. Kati ya wale mafundi kumi na wanne niliowarushia, kumi na mmoja wapo hapa, nimewahesabu mlipokuwa mnaingia, na nawaambia mbele ya jeneza kwamba nilichowatumia kilikuwa uongo, aliyenitumia mimi ni mshtakiwa wa kwanza, na walioambiwa na ninyi, na walioambiwa na hao, sijui niwatafutie wapi, baba alishasema hakuna kifutio. Jumanne nitakwenda mahakamani. Karani atatoka koridoni ataita jina la kaka yangu mara tatu, ndivyo wanavyofanya hata wakijua, na mimi siruhusiwi kuitika, nimeshauliza, lakini nitakuwa nimekaa pale kwenye benchi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya majeruhi, waliomtunza kwa siku sitini na moja na wakampokea tena wiki iliyopita, walimu wenzake waliopokezana zamu za kumsindikiza mahakamani, yule karani wa mahakama aliyemtafutia kaka kiti chenye mgongo siku ya kuhojiwa, na majirani, mliotoka siku ile na ndoo za maji na shuka, Mungu awazidishie, nanyi mliochungulia dirishani nawashukuru pia, siwezi kuwanyooshea kidole kwa mkono huu nilio nao. Kamati naishukuru kwa karatasi, nitairudisha ikiwa imesahihishwa.

Kaka, saba mara nane ni hamsini na sita. Mia tatu kumi na moja, mia mbili arobaini na sita, na tisa zilizoharibika, jumla mia tano sitini na sita, nimezisema mbele ya watu, huenda hii ndiyo mara moja tu zitakaposikika. Usizirudie tena asubuhi, zamu hiyo ni yangu sasa. Pumzika kwa amani, ile niliyoshindwa kukupa nilipokuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwako.