Mtoto Keshaambiwa?

Asubuhi hiyo benchi la kahawa mbele ya kibanda cha fundi viatu lilichangamka kuliko kawaida, maana fundi mwenyewe alikuwa na habari. Binti yake, asiyeona wala kusikia, anayelishwa kwa mrija wa tumboni na ambaye kifafa humjia bila hodi, alikuwa amekubaliwa shule kubwa, atoke darasa dogo alilolizoea. Jumatatu anaanza. Furaha ilimjaa baba mtu hadi kahawa ikamwagikia vidole asiihisi. Lakini hofu nayo ilikuwemo: walipomhamishia kitanda tu, mtoto aligoma kushikwa na mtu siku kadhaa.

— Muuguzi wa shule keshafundishwa ule mrija? aliuliza Spana, fundi baiskeli.

— Kafundishwa. Na dawa za kifafa zina kabati lake.

— Basi kumebaki kuzoea tu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Tulihamishe darasa lake la zamani lote: mkeka, kiti, hata mlango.

— Mlango wa nini, wewe? alicheka Profesa, ambaye uprofesa wake ulikuwa miwani tu. Mtoto anajua kwa mikono. Tufunge kamba kutoka kitandani kwake hadi darasani.

— Ikatize barabara? Malori je?

— Yasubiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo umeitoa wapi na unaipeleka wapi? alidakia Spana. Mimi nasema walimu wote wajipake ile dawa ya mgongo ya baba yake. Akinusa, kila mtu baba.

— Mama yake ukamweleze wewe.

Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Mwanamke aliyeleta sandali iliyokatika ukanda akauliza taratibu:

— Na mtoto mwenyewe, mmemwambiaje?

Mtaa mzima ulijua habari hiyo, mtoto mwenyewe hakuambiwa. Fundi akawaza vitu anavyompa binti yake mkononi: taulo, maana yake kuoga, kipande cha mkanda wa kiti, maana yake shule. Ile ya zamani. Kwa hii mpya hakukuwa na kitu.

Akaweka kikombe chini, akasimama.

— Wapi tena, fundi?

— Namfuata binti yangu. Akaishike hiyo shule leo, geti, ukuta, na mwalimu mwenyewe. Atakachokipenda mkononi, hicho ndicho nitakachompa Jumatatu asubuhi, ajue ni shule mpya.

— Na sandali yangu? aliuliza yule mwanamke.

Fundi alikwisha kuvuka barabara.