Siku ya Ngano, Zamu ya Mfereji

Ndani ya gari la abiria, Noah ya Nyandira kwenda mjini, mzee mmoja alimwonyesha binti anayesomea kilimo karatasi ya maelekezo iliyotoka chuoni kwao. "Mwanangu, mmetuandikia ngano ikifikisha siku ishirini na moja tuweke urea, tumwagilie siku hiyohiyo. Kwangu hiyo ni Jumanne. Zamu yangu ya mfereji ni Ijumaa."

"Basi subiri Ijumaa, babu."

"Mbona hapa mnasema nikichelewa haitatoa machipukizi ya kutosha?"

"Basi weka Jumanne."

"Mbolea ikae juani siku tatu bila maji?"

Binti akaigeuza karatasi, labda jibu lilikuwa nyuma. Mimi niliyekaa pembeni yao nauza vitenge, lakini kichwa kilishaanza kuniuma.

"Sisi chuoni tunafungulia tu bomba," alisema taratibu.

Gari likasimama stendi. Mzee akaikunja karatasi yake. "Basi mngetugawia na bomba."