Trekta la Mama Trekta Lapanda Tela

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya kibanda changu cha kushonea viatu, likitazamana na uwanja wa gereji iliyofungwa. Mimi nashona soli, na kwa kuwa mikono iko kazini, mdomo hupumzika. Ndiyo maana nasikia mengi. Siku hiyo saa nne asubuhi, Bi Birika, muuza kahawa wetu, alikuwa anamimina mzunguko wa pili wakati Mama Trekta alipoingiza uwanjani pikapu ya kuazima ikivuta tela. Huyu mama alifunga mgahawa wake wa miaka saba ili anunue trekta dogo lenye jembe zito la visu nyuma, akawa analilaza humo uwanjani, na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu alimwambia kwenye simu kwamba ikifika saa sita trekta halijaonekana shambani, atamwita mtu mwingine. Mama Trekta alikiri kwamba hakupata usingizi. Nilimwonea huruma, ila sikuacha kunywa kahawa yangu.

Wazo la tela lilitoka kwa Breki, dereva wa lori mstaafu. Jina hilo alilipata baada ya ajali tatu, maana zote tatu alizieleza kwa neno hilo moja.

— Trekta la kukodi haliji linajikokota barabarani, alisema. Linaletwa. Mteja akiona limeletwa, anakaa sawa.

Basi Mama Trekta akaweka vyuma viwili vya kupandia, akakaa kwenye usukani, akalielekeza trekta mbele kama mtu yeyote angefanya. Lilipofika katikati ya vyuma, jembe la nyuma likavuta chini, magurudumu ya mbele yakaachia chuma na kuning'inia hewani. Ilikuwa kiasi cha shubiri moja tu, lakini shubiri hiyo niliiona ndefu. Mama akakanyaga breki, akashuka kinyumenyume taratibu, akazima injini. Mimi nilikuwa nimejichoma sindano kidoleni na wala sikusikia.

— Umeenda polepole mno, Breki akamwambia. Chukua mwendo kutoka kule getini. Trekta likija kwa kasi, halipati nafasi ya kufikiria kuanguka.

— Na likishafika juu kwa kasi hiyo, linasimamia wapi? akauliza Mama Trekta.

— Hapo sasa ni breki.

Tulicheka hadi Kipimo akamwagikiwa na kahawa. Kipimo ni fundi cherehani, tepu haimtoki shingoni, na hupima hata asichoombwa. Alikwenda akapima pua ya trekta, akarudi na hesabu zake: watu wanne wanene wakae juu ya boneti, pua haitanyanyuka. Akatutazama mmoja mmoja kiunoni, kwa macho ya kazi. Breki akasema watu hawatoshi, tuchimbe shimo tuiteremshe tela, trekta liingie kama linaingia sebuleni. Kipimo akasema shimo litakula siku nzima, afadhali tutoe upepo kwenye matairi yote, ya tela na ya trekta, tuone nani atakuwa mfupi zaidi.

— Ligeuzeni, akasema Bi Birika.

Kipimo akaanza kuhesabu matairi. Akarudia, birika mkononi.

— Kizito ni hilo jembe. Kizito kikiwa upande wa chini, kinalivuta nyuma. Kitangulie juu. Lipande kwa rivasi.

Breki akamweleza, kwa upole wa mtu anayejua, kwamba trekta likisafiri limegeukia nyuma linapata kizunguzungu. Kipimo akaongeza kuwa likiona njia ya nyumbani linabaki nyuma, litagoma kazi. Wakati wanashauriana juu ya hisia za trekta, Mama Trekta alikuwa ameshaligeuza.

Safari hii alifanya kila kitu kwa utaratibu. Alihakikisha tela imeshikana na pikapu, akavuta breki ya mkono ya pikapu, akasukumia magogo kwenye matairi, akatingisha vyuma kuona kama vimekaa. Akatufukuza sote, tusimame mbali, pembeni. Kisha akainua jembe kiasi cha kutogusa chuma, akapanda kinyumenyume kwa gia ndogo kabisa. Magurudumu ya mbele hayakunyanyuka hata kidogo. Juu akalishusha jembe likalala, akazima, akavuta breki, akafunga minyororo minne kwenye pembe za tela na wa tano kwenye jembe lenyewe.

Furaha iliyotupata sijui niielezeje. Kipimo alicheza na tepu yake. Breki alipokea pongezi kwa mikono miwili, akisema rivasi aliifikiria tangu asubuhi, alitaka tu tuifikie wenyewe. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi, na Mama Trekta alikuwa anacheka.

Hapo akatokea mwanamke mzee kwenye pengo la ukuta wa gereji, amevaa mabuti ya mpira yenye udongo, akamsalimia Bi Birika na kumuuliza kama bado kuna kahawa. Haikuwepo. Akajitambulisha: yeye ndiye mwalimu mwenye shamba.

— Nilikuelekeza njia ya magari, binti yangu, kwa sababu sikujua uko hapa, akasema. Shamba langu linaanzia nyuma ya ukuta huu. Nawatazama tangu saa nne, nikidhani ni trekta la mtu mwingine, hadi nilipoitambua sauti yako ya kwenye simu. Mbona mnalipakia, na kwenye pengo hili linapita?

Breki akachungulia kikombe kitupu. Kipimo akaanza kukunja tepu. Mimi nikainamia soli ambayo nilishaimaliza. Saa mbili nzima tulibishana litapandaje, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza Mama Trekta linakwenda wapi.

Mama Trekta alikaa kwenye ukingo wa tela, macho kwenye ile minyororo mitano.

— Mwalimu, saa sita hiyo imefika, akasema.

Mwalimu akatazama saa yake ya mkononi. Akaivua, akaitia mfukoni, akapanda kwenye tela na mabuti yake.

— Tunaanza kufungua mnyororo upi? akauliza.